Maswali ya Wasomaji: Central Park na Watoto, Siku Moja Haitoshi

Likizo ikikaribia, barua za New York hujaa mezani. Za safari hii karibu zote zinauliza bustani moja, basi tumezijibu pamoja.

*Nina watoto watatu, wa miaka 3, 7 na 11. Tunatoka Arusha kwenda kwa dada yangu Newark, na siku ya Central Park ni moja tu. Tupange vipi tuione yote?* (Mama wa watatu, Arusha)

Yote hamtaiona, mama, na mkijaribu mtarudi yule mdogo akiwa begani na wakubwa wake wamenuna. Bustani inaanzia mtaa wa 59 na kuishia wa 110. Huo ni urefu wa kilomita 4, upana mita 800, eneo lote hekta 341. Halafu njia zake zimepindapinda kwa makusudi. Olmsted na Vaux, walioshinda shindano la kuichora mwaka 1858, walitaka mtu asahau kwamba yuko mjini, kwa hiyo kilomita moja ya ramani hurefuka sana kwa miguu ya mtoto.

Chagueni ncha moja. Kwa umri wa hao wenu, sisi tungechagua kusini. Shukeni stesheni ya 59th Street–Columbus Circle, maana ina lifti na kigari cha mtoto kitapita bila kubebwa. Ndani ya treni ya chini ya ardhi, mtoto asiyezidi sentimita 112 halipi, hadi watoto watatu kwa mtu mzima mmoja.

Anzeni na Heckscher Playground. Bustani nzima ina viwanja 21 vya michezo ya watoto, na hiki ndicho kikubwa kuliko vyote. Kina vyoo, na siku za joto kina maji ya kuchezea, hivyo bebeni nguo za kubadilisha. Pembeni yake kuna mwamba mkubwa, Umpire Rock. Mwambieni yule wa miaka 11 atafute mifereji iliyochorwa juu ya jiwe: ni barafu nene ya zama za kale iliyopita hapo ikiburuta mawe. Mwamba ukilowa huteleza, na hauna uzio.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kwenye farasi wa kuzunguka, katikati ya bustani usawa wa mtaa wa 64. Farasi ni 57, wa mbao, waliochongwa kwa mkono mwaka 1908 na kufungwa hapo mwaka 1951 baada ya mashine ya awali kuungua. Wale wa nje ndio wakubwa na ndio wanaogombaniwa. Mtoto wa miaka 3 mpandisheni wa ndani, nanyi msimame naye.

Kisha elekeeni mashariki, kwenye saa ya Delacorte, karibu na lango la bustani ya wanyama. Kila saa inapotimia, na kila nusu saa, wanyama wa shaba huzunguka kwa muziki: tembo na kinanda cha mkono, kiboko na fidla, dubu na matari, pengwini na ngoma, mbuzi na filimbi, kangaruu na tarumbeta. Juu kabisa nyani wawili wanagonga kengele. Hulipi kitu. Fikeni dakika tano kabla, maana ukikosa ya saa sita kamili utasubiri mpaka sita na nusu, na mtoto wa miaka 3 hajui kusubiri.

Bustani ya wanyama yenyewe ni ndogo, haifiki hekta 3. Pengwini na chui wa theluji watawafurahisha. Simba na twiga hamtawakuta, na ile sehemu ya watoto kulisha mbuzi haitamshangaza mtoto wa Arusha. Pesa ya tiketi tungeiweka kwa ajili ya mashua za kuchezea kwenye bwawa la Conservatory Water, usawa wa mitaa ya 72 hadi 75. Hukodishwa majira ya joto, nawe unasimama ukingoni ukiongoza kwa rimoti. Hatua chache mbele kuna sanamu ya Alice, yule msichana wa hadithi ya Alice in Wonderland, juu ya uyoga, iliyowekwa mwaka 1959 ili watoto waipande. Shaba yake imeng'aa kwa magoti yao. Hapo siku imeisha.

*Simu ikizima chaji, nitajuaje niko wapi?* (Msomaji, Mombasa)

Tazama nguzo ya taa. Karibu kila nguzo ina kibao kidogo chenye tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni mtaa ulio karibu; za mwisho zikiwa shufwa uko upande wa mashariki, zikiwa witiri uko magharibi. Kwa mfano, 7802 maana yake uko usawa wa mtaa wa 78, mashariki, kwa hiyo njia ya karibu ya kutoka ni Fifth Avenue. Wafundishe watoto kabla ya kuingia, na mkipoteana mtoto aende kwenye nguzo, asitembee tena, amsomee mtu mzima namba hizo. Ukipiga 911, simu ya dharura ya huko, namba ya nguzo inawafaa waokoaji kuliko maelezo ya "karibu na mti mkubwa".

*Shikamoo. Ninaishi Bronx, nimeachiwa wapwa wawili, miaka 8 na 10, kwa wiki nzima ya Julai. Mfuko wangu mwepesi. Kuna la kufanya bila kulipa?* (Mjomba mtu, Bronx)

Marahaba. Wewe nenda ncha ya kaskazini, ambayo wageni wengi hawafiki. Treni namba 2 au 3 inakushusha Central Park North–110th Street, na ukivuka barabara tu unaliona ziwa la Harlem Meer.

Asubuhi vueni samaki. Kwenye jengo la Dana Discovery Center, ukingoni mwa ziwa, wanaazimisha fimbo za kuvulia bure kuanzia Aprili hadi Oktoba, unaacha kitambulisho. Chambo ni punje za mahindi. Mchomekee mtoto punje moja tu, ncha ya ndoana ijifiche ndani yake. Wengi huweka punje tatu, na samaki, ambao wengi ni wadogo na bapa kama perege mchanga, huzidonoa pembeni na kuondoka wameshiba. Kosa la pili ni kurusha mbali. Jua likiwa kali samaki hukaa kivulini karibu na ukingo, kwa hiyo teremsha mshipi hapo chini ya majani. Kosa la tatu ni kuulegeza. Ndoana za hapa hazina kishikizo, na mshipi ukilegea samaki anajichomoa. Akinaswa, lowesheni mikono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu humvua ule utelezi unaomkinga na maradhi, kisha mrudisheni majini mara moja. Kumla hairuhusiwi. Vyuma vya risasi vya kuzamishia mshipi navyo ni marufuku. Na waachie wapwa zako wavue: katika jimbo la New York, aliyetimiza miaka 16 anahitaji leseni.

Mchana ogeleeni. Kando ya ziwa hilohilo kuna Davis Center, iliyofunguliwa mwaka 2025: majira ya joto ni bwawa, majira ya baridi ni uwanja wa barafu. Mabwawa ya wazi ya jiji ni bure, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, saa 5 asubuhi hadi saa 1 jioni, na huwa wanawatoa watu wote saa 9 hadi 10 kwa usafi. Fika saa 8 na nusu na utaoga nusu saa tu. Kinachowarudisha watu mlangoni ni kufuli. Lazima uje nalo mwenyewe, la kufungia kabati. La pili ni nguo: kaptura ya kuchezea mpira haikubaliki, ya kuogelea iwe na bitana ya wavu ndani. Ukitaka kuvaa fulana juu, iwe nyeupe.

Njaa ikiwashika, pandeni Lenox Avenue mitaa sita hadi wa 116, kwenye msikiti wa Malcolm Shabazz na soko lake. Vyakula halali vya Waafrika wa magharibi viko jirani.

*Baiskeli kwa familia ni wazo zuri?* (Baba, Dar es Salaam)

Ni zuri kama watoto wanajua kuendesha. Magari binafsi yaliondolewa kwenye barabara za ndani mwaka 2018. Mzunguko mzima ni kilomita 9.8, na wote huenda upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa. Tatizo ni mlima wa kaskazini magharibi, Harlem Hill, ambapo watoto hushuka na kusukuma. Kateni kwenye njia ya mtaa wa 102 mtaukwepa, ibaki kilomita 8 hivi; kwa wadogo, kateni mtaa wa 72, ibaki chini ya 3. Zile baiskeli za Citi Bike za mitaani si za watoto, umri ni miaka 16 na kuendelea, hivyo kodini dukani. Chini ya miaka 14, helmeti ni sheria.

Baiskeli za matairi matatu za kubebea abiria, mithili ya bajaji ya kukanyaga, hutoza kwa dakika. Dola 6 husikika ndogo. Safari ya nusu saa ni dola 180. Uliza jumla kabla hujakaa.

*Tunataka kumfanyia mtoto sherehe, watu kama 30, na pilau letu.* (Mama, Jersey City)

Wakizidi 20 mnahitaji kibali, kiombeni mapema. Pilau pikeni nyumbani, maana siku za kawaida moto hauruhusiwi. Msifunge kitu kwenye miti. Chini tandikeni mkeka au kanga. Turubai la plastiki walinzi watawaambia mlikunje, kwa sababu huunguza nyasi. Uwanja wa nyasi wa Sheep Meadow hufungwa ukilowa, basi mkiamka na mvua muwe na mahali pa pili.

*Bibi ana magoti.* (Mjukuu, Zanzibar)

Mpelekeni Conservatory Garden, Fifth Avenue na mtaa wa 105. Hakuna baiskeli wala mipira, viti ni vingi na vyoo vipo. Lango la barabarani lina ngazi. La kiti cha magurudumu liko ndani ya bustani, usawa wa mtaa wa 106.

*Ni kweli Juma Ikangaa alimalizia mbio humo?* (Mwalimu, Dodoma)

Kweli, mwalimu. Mwaka 1989 alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya mbio hizo wakati ule. Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa ameshinda mwaka 1987, na Tegla Loroupe akashinda upande wa wanawake mwaka 1994 na 1995. Mwisho wa mbio uko barabara ya magharibi ya bustani, usawa wa mtaa wa 67. Wapangeni watoto pale Columbus Circle, waambieni wakimbie kuelekea kaskazini mpaka hapo. Si mbali, lakini ni mwinuko, na Ikangaa alipoufikia alikuwa na kilomita 41 miguuni.