Jibu: Picha za bibi zilizonata kwenye albamu

Dada, umeuliza kama uzibandue picha za bibi yako wa Tanga zilizogandia kwenye albamu ya gundi. Tafadhali usizivute kwa kucha! Kwanza piga picha kila ukurasa kama ulivyo, ili hata ikichanika moja ubaki na kitu. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya picha, uende nao taratibu kama anayekata sabuni. Ikigoma, kata ukurasa kuizunguka, uiache na karatasi yake. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiiguse. Iskani juu ya kioo hicho hicho.

Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), usafirishe nakala kwa diski, si kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana inaipunguza ubora. Weka nakala kwenye nyumba mbili tofauti.

Lamineshini, yaani kuifunika picha kwa plastiki ya moto, hapana. Sisi tuliipeleka picha ya harusi ya babu steshenari moja, joto la mashine likaikunja, na ile plastiki haitoki tena. Inaniuma mpaka leo.

Unyevu wa pwani huleta ukungu, kwa hiyo weka picha ndani ya bahasha za karatasi, kabatini, mbali na ukuta wa nje.

Na wiki hii hii kaa na bibi. Mwonyeshe moja moja, mrekodi kwa simu akitaja nani ni nani, mwaka gani, kanga ile ya nani. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino hupenya.