Kuhamisha nyumba ya miaka ya 1950: anza na udongo wa kule iendako

Dada, nimekuelewa: nyumba ya 1958 unaipenda, mto unaifurikia, na mnunuzi anataka kiwanja tu.

Kuihamisha inawezekana. Bachman-Wilson House, nyumba iliyobuniwa na msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright, iliandamwa na mafuriko Millstone, New Jersey. Ikafunguliwa vipande vipande, ikasimamishwa upya Bentonville, Arkansas, na wageni wakaanza kuingia 2015.

Kabla ya kung'oa msumari, piga picha kila kona, pima, kila ubao upewe namba. Fundi akikwambia atakumbuka kichwani, mshukuru, mwage. Mbao na madirisha husafiri. Sakafu ya zege kwa kawaida humwagwa upya.

Ila kinachosahaulika ni udongo. Pope-Leighey House, nyingine ya Wright, ilihamishwa huko Virginia miaka ya 1960 kupisha barabara kuu, ikatua kwenye udongo wa mfinyanzi usiotulia. Miaka ya 1990 ikabidi isogezwe tena! Lipa upimaji wa udongo kwanza.

Usibandue vigae vya zamani mwenyewe, huenda vina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Ita wenye leseni. Mhandisi wa majengo, vibali na bima ya kuisafirisha nyumba navyo si vya kukwepa. Na mnunuzi akupe muda kwa maandishi.