Kamera ya babu yenye kipimo cha mwanga kilichokufa

Mdogo wangu, umeuliza kama kamera ya babu yako inafaa kujifunzia ilhali kipimo chake cha mwanga kimekufa. Inafaa sana! Tia mkanda wa filamu wa ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga). Jua la Forodhani saa sita mchana, weka f/16 (tundu la lenzi; namba ikipungua, tundu hupanuka) na spidi 1/500 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga huingia), picha utapata. Ukiingia vichochoro vya Mji Mkongwe ndipo penye kazi: kivulini fungua lenzi hadi f/5.6 au f/4, na usiogope kuzidisha kidogo, maana filamu ya negativu hustahamili mwanga mwingi kuliko mchache.

Mkanda upakie kivulini. Kila unapovuta fremu tazama kile kirungu cha kurudishia mkanda, juu upande wa kushoto: kikizunguka, mkanda umeshika. Wangu wa kwanza haukushika. Nilipiga picha 36 za harusi ya dada yangu, zote tupu, na mpaka leo naumia.

Joto letu na unyevu huharibu filamu, basi ihifadhi kwenye friji ndani ya kopo lake, uitoe saa moja au mbili kabla ya kuifungua. Anza na nyeusi na nyeupe, utaweza kuisafisha, yaani kuitoa picha kwa dawa, mwenyewe nyumbani.