Riwaya yenye miungu ya uongo: je, aliyeiandika ametoka katika Uislamu?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mume wangu yuko kazini Muscat. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika riwaya ya watu wazima, ya kutisha, iliyochanganya sayansi ya kubuni, dini na falsafa. Imefika kurasa 312. Ni habari za mji wa zama zijazo ambao watu wake huhifadhi roho za maiti ndani ya vioo vya mashine, na makuhani huiabudu mashine hiyo kwa kuchinja watu. Mama mmoja anamtafuta bintiye aliyekufa ndani ya vioo hivyo, na katika sura ya 9 anatamka maneno mazito ya kumkana Mungu. Kaka yangu ameusoma mswada. Amesema nimekufuru, ndoa yangu imevunjika, na nisiposilimu upya na kuuchoma mswada, asinione nyumbani kwake. Amempigia simu mume wangu. Leo siku ya 11 sijaswali, maana sala ya kafiri haipokelewi. Nilianza kuandika miezi michache baada ya kumzika binti yangu wa miaka minne. Nimekutumia sura ya 7 na ya 9. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalam warahmatullah. Binti yangu, wewe ni Muislamu na ndoa yako ipo. Huna haja ya kusilimu upya, kwa sababu hukutoka. Nimeyatanguliza haya ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia, na ili mumeo, ukimtumia jibu hili, asikae na dukuduku hata kwa mstari mmoja.

Lililonishtua katika barua yako ni hizo siku 11. Neno moja la kaka mwenye hamasa limemfungia mja mlango wa sala. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mtu akimwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao, wameipokea Bukhari na Muslim. Kaka yako ametoa hukumu ya kuritadi, yaani kutoka katika Uislamu, sebuleni, bila kukuuliza unaamini nini na bila kuuliza maneno yale ni ya nani. Hata habari ya ndoa kuvunjika ameisema kama mtu asiyekisoma kitabu cha fiqhi: katika madhehebu yetu ya Shafii, hata aliyeritadi kweli baada ya mume na mke kukutana, ndoa husubiri mpaka eda iishe, na akirudi ndani ya eda ndoa inaendelea. Kwako wewe hata suala hilo halipo.

Sasa tuitazame hoja yake. Anasema mwenye kuandika ukafiri amekufuru. Wanavyuoni wana kanuni inayojulikana: mwenye kunukuu ukafiri si kafiri. Firauni amesema “Mimi ndiye mola wenu mkuu” (Qur'ani 79:24), na imamu huyasoma maneno hayo kwa sauti ndani ya sala, na maamuma wote wamesimama nyuma yake. Iblis anaapa mbele ya Mola wake kwamba atawavizia waja katika njia iliyonyooka (7:16). Qur'ani haikuficha maneno ya adui. Imeyaweka wazi, ikaonesha mwisho wake.

Atajibu kwamba Firauni alikuwepo, na huyu mama wa sura ya 9 umemzua wewe. Hapo ndipo penye hoja ya haki, nayo imeshajibiwa zamani. Ibn Hajar al-Haytami, mwenye Tuhfa, kitabu cha fiqhi ya Kishafii kinachosomwa katika darsa zetu za pwani, alichukua hadithi ya “Simulieni kutoka kwa Bani Israil, wala hapana ubaya” akatoa humo kwamba inajuzu kusikiliza maajabu kwa kujiburudisha, na kwamba hata kisa ambacho uongo wake ni yakini kinajuzu kikikusudiwa kupigia mfano, kuwaidhi au kufunza kama vile ushujaa, kwa ndimi za watu au za wanyama. Al-Haskafi wa madhehebu ya Kihanafi ameyanukuu hayo, na Ibn Abidin, aliyekisherehesha kitabu chake, ametoa mfano wa Maqamat, visa vya kubuni vya al-Hariri, aliyefariki mwaka 516 Hijria. Katika maqama ya kwanza, Abu Zayd as-Saruji anawaliza watu kwa mawaidha ya mauti. Msimulizi anamfuata mpaka pangoni, anamkuta ana mkate mweupe, mwanambuzi wa kuchoma na mtungi wa kileo mbele yake. Abu Zayd hakupata kuwako. Kitabu kilisomeshwa karne kwa karne, na madhambi ya Abu Zayd hayakuandikwa katika daftari la al-Hariri.

Ama hadithi ya ole kwa anayesema uongo ili kuchekesha watu, ni hadithi nzuri, ameipokea Tirmidhi. Lakini uongo ni kumfanya msikilizaji aamini lisilokuwa. Kitabu kilichoandikwa “riwaya” kwenye jalada kinamdanganya nani? Ibn an-Nafis, tabibu wa Cairo aliyebainisha njia ya damu kupita mapafuni, alikuwa pia mwalimu wa fiqhi ya Kishafii. Yeye huyo ametunga kisa cha mtu aitwaye Kamil, aliyejiumba kutokana na udongo pangoni katika kisiwa kisicho na watu, akafikia kwa akili yake kumjua Muumba, kisha haja ya kuwepo mitume, mpaka mwisho wa dunia na kufufuliwa miili. Sayansi, dini na falsafa ndani ya kisa kimoja, na mwandishi ni faqihi aliyefariki mwaka 1288.

Niseme na hili, kwa sababu naliona linasahauliwa. Watu wetu wamezoea kusikiliza Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728. Una mapigano makubwa baina ya masahaba na jeshi la Herekali, mfalme wa Warumi, lakini katika sira, yaani historia ya Mtume, msafara wa Tabuk wa mwaka wa 9 Hijria ulirudi bila vita. Simtukani mtunzi wake. Ni hazina ya lugha. Lakini kwa mizani ya sharia, kumsingizia sahaba aliyeishi tendo asilotenda ni jambo zito kuliko kumzua mama asiyekuwako katika mji usiokuwako. Anayeustahi utendi ule na kukukufurisha wewe ameipindua mizani.

Inabaki aya ya 31:6, ya mwenye kununua maneno ya upuuzi. Wafasiri wanamtaja an-Nadhr bin al-Harith, aliyeleta visa vya Rustam na Isfandiyar akawasomea Makureshi ili wamwache Mtume. Isome aya mpaka mwisho: “ili awapoteze watu na njia ya Mwenyezi Mungu”. Hilo “ili” ndilo linalobeba lawama. Na hadithi ya kwamba si halali Muislamu kumtisha Muislamu, sababu yake ni masahaba waliochukua kamba ya mwenzao aliyelala, akazinduka kwa hofu. Msomaji wako hukumvizia usingizini. Amefungua kitabu cha kutisha kwa mkono wake.

Hata hivyo sikupi ruhusa ya kila ulichoandika. Nimezisoma sura zote mbili, na yapo ya kuondoa.

La kwanza ni wimbo wa makuhani katika sura ya 7. Umeutunga kwa mizani ya Suratul-Ikhlas, jina la mashine likakaa mahali pa jina la Mola. Uondoe leo, hata kama anayeuimba ni mwovu. Aya za 9:65-66 zimewakemea waliofanya aya za Allah kuwa mchezo wakasema tulikuwa tunaporoja tu. Najua hukukusudia, na ndiyo maana sikuhukumu. Lakini msomaji akizoea mizani ile mdomoni, itamjia akiwa ndani ya sala. Watungie makuhani lugha yao wenyewe. Kwa kweli watatisha zaidi, maana sasa hivi wanaazima utukufu usio wao.

La pili ni kauli ya msimulizi. Utoe mswada kwenye karatasi, ushike kalamu mbili. Kwa buluu pigia mstari kila wanachosema au kuwaza wahusika kuhusu Mungu, roho na ufufuo. Kwa nyekundu, kila anachokisema msimulizi mwenyewe juu ya mambo hayo. Ya buluu mengi yatabaki. Ya nyekundu yapime moja moja. Katika sura ya 9 umeandika, nje ya alama za usemi: “Hapakuwa na dua iliyowahi kusikiwa tangu dunia iumbwe.” Hapo hasemi mama, unasema wewe. Irudishe kwake: “Mama aliona hapakuwa na dua iliyowahi kusikiwa tangu dunia iumbwe.” Maneno mawili yameongezeka, na hukumu imebadilika. Kosa hili huwapata waandishi wengi kwa sababu msimulizi akikaa sana karibu na mhusika, sauti zao huungana bila mwandishi kuhisi.

La tatu, katika sura ya 7 kuhani anachora jedwali la herufi na majina ambalo ni la vitabu vya uganga vinavyouzwa sokoni. Lifute, weka alama za kubuni zisizosomeka. Yupo atakayelinakili. Na kama kwenye sura nyingine umetunga maneno ukayaita hadithi ya Mtume, yatoe bila kuyajadili; kumzulia yeye makazi yake ni motoni, na riwaya si udhuru.

Kuhusu roho: umeandika kwamba mashine imezikamata. Mola amesema roho ni katika mambo yake, nasi hatukupewa elimu ila chache (17:85). Makuhani wadai hivyo, ni imani yao. Msimulizi asiwathibitishie. Mashine na ihifadhi kumbukumbu na sauti, halafu wenyeji wabishane kama huo ndio mtu mwenyewe. Falsafa iko kwenye ubishi huo.

“Watu wazima” nayo isiwe neno la jalada tu. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa zamani, anasema mshika nyoka hamgusi nyoka mbele ya mtoto wake mdogo, kwa kujua mtoto atamwiga akidhani naye anaweza. Usirushe vipande vya sura ya 9 kwenye makundi ya simu ya familia. Mpe kwanza mtu mmoja mzima mwenye elimu ya dini na anayesoma riwaya.

Kwa hiyo mswada usiuchome. Sala ndiyo ya haraka. Siku 11 ni sala 55. Toa siku za hedhi kama zilikuwemo, hizo hazilipwi. Kila ukimaliza fardhi, swali hapo hapo sala mbili za kadha, yaani za kulipa zilizopita. Ni kumi kwa siku, utamaliza ndani ya siku sita. Ukiweza zaidi, zidisha, maana kadha ya sala iliyoachwa bila udhuru haicheleweshwi.

Kisha kuna jambo hukuniuliza. Katika sura ya 9 mama anaiita sauti ya bintiye iliyo ndani ya kioo. Sauti inazijua tarehe zote na majina yote, inacheka kama yeye, lakini mama anapouliza “ulikuwa ukiuitaje uji?” inanyamaza. Halafu ndiyo anatamka yale maneno. Binti yangu, sidhani neno hilo la uji ulilibuni. Maswali yaliyokujia baada ya maziko si ukafiri. Masahaba walimwendea Mtume wakisema wanapata nafsini mwao mambo wanayoona makubwa kuyatamka, akawaambia hiyo ndiyo imani ya dhati. Ghazali mwenyewe alikaa karibu miezi miwili ndani ya shaka, na alipotoka alisema ilikuwa kwa nuru aliyoitia Mola kifuani mwake.

Na kuhusu alipo binti yako, Bukhari amepokea kwa sahaba Samura ndoto ya Mtume, na ndoto za mitume ni haki: bustani, na mtu mrefu ambaye kichwa chake hakikukaribia kuonekana kwa urefu, na watoto wengi wamemzunguka. Akaambiwa huyo ni Ibrahim, na hao ni watoto waliokufa katika maumbile yao ya asili.

Usiibandike bustani hiyo kwenye sura ya 9 ili kumridhisha kaka yako. Mama yule bado yuko mbele ya kioo, hajaifikia. Wewe umeambiwa. Wallahu a'lam.