Maswali yenu: kwenda kukaa na watawa wa Kibudha, Entebbe

Wengi mmeuliza kuhusu Kituo cha Wabudha cha Uganda, kilichoko Bulega, upande wa Garuga, karibu na Ziwa Victoria. Mwanzilishi wake ni Mganda, mtawa Buddharakkhita. Aliujua Ubudha mwaka 1990 alipokwenda India kusoma, akapewa utawa California mwaka 2002, kisha mwaka 2005 akaanzisha kituo hiki nyumbani.

Mimi ni Mwislamu wa Bombo. Nikienda, watanitaka nibadili dini?

Hapana, ndugu yangu. Utafundishwa kukaa kimya na kufuata pumzi zako, basi. Wenzako wakisujudu mbele ya sanamu ya Buddha, wewe tulia kwa adabu. Waeleze wenyeji mapema saa zako za swala. Kama moyo unasita hata kuketi kwenye ukumbi wenye sanamu, zungumza na shehe wako kabla ya safari.

Ni kweli hakuna chakula cha jioni? (Msomaji, Mbale)

Ni kweli. Watawa wa Theravada, tawi la zamani la Ubudha, na ndio hawa wa Bulega, wakishapita adhuhuri hawali tena mpaka alfajiri ya kesho. Mgeni aliyekuja kukaa na kutafakari naye kwa kawaida hushika utaratibu huo kwa siku atakazokaa. Aliyezoea Ramadhani hatashtuka sana, ila hapa saa zimegeuzwa: unashiba asubuhi, njaa inakuja usiku. Usiku wa kwanza ndio mgumu. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au dawa za kumeza na chakula aseme mapema, wala asione haya.

Sababu yake naipenda. Mtawa anaishi kwa chakula cha kupewa, kwa hiyo anapokula kidogo anawapunguzia mzigo wanaomlisha, na tumbo jepesi halimsinzishi akitafakari.

Na nyinyi mnaweza kuwapikia, mradi muwaarifu kwanza. Lakini haitoshi kutua sufuria ya matoke mezani na kusema karibuni. Mtawa hajipakulii kisichokabidhiwa. Lazima mtu ainue chombo, amkaribie, amkabidhi mkononi. Akishakipokea ndipo anakula. Mimi naona hapo ndipo mgeni anapojifunza zaidi kuliko kwenye hotuba yoyote, kwa kuwa mkono unaotoa na mkono unaopokea vinakutana uso kwa uso. Foleni ya barabara ya Entebbe mnaijua: tokeni Kampala asubuhi na mapema, maana chakula kikifika saa nane hakitaliwa na mtawa yeyote.

Mimi ni mwanamke. Nimsalimie mtawa kwa mkono? Nivae nini?

Mkono usimpe, dada. Watawa wa kiume hawagusani na wanawake, na hakuna dharau ndani yake. Kutanisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo. Thailand, mwanamke akitoa kitu, mtawa hutandika kitambaa kwanza, kitu kikawekwa juu yake. Gomesi inasitiri vizuri, ila mkanda wake utakubana ukikaa chini muda mrefu. Sketi pana na blauzi ya mikono ni afadhali. Viatu vinabaki mlangoni, kwa wote.

Nilikuwa jeshini, magoti yameisha. Nitakaaje sakafuni? (Mzee, Gulu)

Shikamoo mzee. Omba kiti, hakuna atakayekushangaa. Ukikaa sakafuni, usielekeze nyayo kwenye sanamu wala kwa watawa. Tena ipo tafakari ya kutembea, nayo itakufaa: unainua mguu, unausogeza, unaukanyagisha, huku akili ikiufuata unyayo tangu kisigino hadi vidole. Hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi, polepole.

Nitoe shilingi ngapi?

Unachoweza. Ila noti usimtilie mtawa mkononi. Kanuni zao zinawakataza kupokea pesa. Mtafute mhudumu asiye mtawa, umpe yeye. Gharama za kulala ulizia kabla ya kufunga safari, na usifike na begi bila taarifa.

Na simu?

Izime.