Mwizi wa Biskuti ni Mimi, Aliyeadhibiwa ni Mwanangu

*Shangazi, naona aibu hata kuandika. Mchana kutwa najizuia vizuri: asubuhi chai kavu, mchana tunda moja au saladi. Usiku wote wakishalala, najikuta jikoni kwenye biskuti za chokoleti za watoto. Nasema nile moja tu, nikija kushtuka pakiti imebaki makombo. Wiki iliyopita mume wangu alikuta pakiti tupu, akamfokea mtoto wetu wa miaka 8 na kumpiga marufuku vitamu wiki nzima. Mtoto alilia akiapa kwamba si yeye. Nilikuwa nimesimama palepale, nikanyamaza. Nisaidie niushinde uchu huu. – Mwizi wa Jikoni*

Dada yangu,

Barua yako ina mambo mawili, nawe umeniuliza lile dogo. Biskuti zinaweza kusubiri. Mtoto hawezi.

Mtoto wa miaka 8 anajua fika alichofanya na ambacho hakufanya. Alisema kweli, akaapa, akalia, na bado akaadhibiwa. Sasa unategemea siku atakapovunja kitu kwelikweli aje akwambie? Kwa nini aje? Tena usidhani hana fununu. Watoto huwatazama sana mama zao usoni, na yeye alikuona ulivyoinamisha macho.

Kwa hiyo anza na baba yake, mkiwa wawili tu, ili asije akayasikia mbele ya mtoto akafedheheka. Akikasirika, mvumilie, amemfokea mtoto asiye na kosa kwa sababu yako, ana haki ya kukasirika. Kisha mwite mtoto, leo hii, usingoje mwisho wa wiki. Mwambie: “Aliyekula biskuti ni mimi. Wewe ulisema kweli, nami nikanyamaza ukaadhibiwa. Nisamehe.” Ishia hapo. Usimweleze kwamba mama alikuwa amechoka, wala usimnunulie zawadi ya kumziba mdomo, na tafadhali, isiwe biskuti! Adhabu ifutwe saa hiyohiyo, na baba naye aombe radhi kwa makelele yake. Wapo watakaokuambia mzazi akimwomba mtoto radhi anajishusha. Mimi sioni hivyo. Aliyejishusha ni yule aliyesimama pale akanyamaza, na huyo keshapita, usimrudie.

Haya, tuje kwenye uchu wenyewe.

Umejiita mwizi, lakini ukisoma ratiba yako ya kula naona mtu mwenye njaa. Chai kavu na tunda, halafu kutwa nzima kazi na watoto! Usiku mwili unadai chake, na haudai mchicha. Unadai kitu cha kuupa nguvu upesi, na biskuti ya chokoleti ina sukari na mafuta kwa pamoja. Ukiacha maziwa, vyakula vya asili vyenye vyote viwili kwa wingi ni nadra: tunda lina sukari bila mafuta, nyama ina mafuta bila sukari. Vikichanganywa, ubongo hufurahia kupita kawaida, na mkono hurudi kwenye pakiti kabla hujaamua. Na kama huo usiku wa jikoni unakula saa zako za kulala, unazidi kujiumiza, maana usingizi mchache huelekea kupandisha homoni ya njaa iitwayo ghrelini.

Halafu kuna ile “moja tu”. Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack walichapisha utafiti ambao nadhani ungejiona humo. Baadhi ya watu walipewa kwanza kinywaji kizito cha maziwa na sukari, wengine hawakupewa, kisha wote wakaletewa aiskrimu wale watakavyo. Wasiokuwa na desturi ya kujinyima, baada ya kinywaji, walikula kidogo, kwa kuwa walikuwa wameshashiba. Wenye kujinyima, baada ya kinywaji kile, walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wenye kujinyima ambao hawakupewa chochote. Mwiko ulikuwa umeshavunjika, basi, ya nini kujizuia tena? Biskuti ya kwanza huwa unaila kwa uchu. Zile zinazofuata unazila kwa sababu unaona siku imeshaharibika.

Ndiyo maana sitakuambia uzipige marufuku biskuti. Kula mchana chakula cha kushibisha, chenye maharage, mayai, samaki au nyama, ufike usiku ukiwa mtu mzima na si fisi. Baada ya chakula cha jioni, weka biskuti mbili kwenye sahani, kaa na wenzako, kula taratibu, funga pakiti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani takriban vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima. Ikiwa chai yako haina sukari, biskuti mbili zinaenea humo. Wale wanaoshauri unywe glasi ya maji kila uchu ukipanda waache waendelee. Mimi sijaona maji yakiishinda chokoleti. Ila kwa majuma machache ya mwanzo, nunua pakiti ndogo. Hakuna haja ya kujijaribu.

Jambo moja nisilipite. Ikiwa baada ya kula mchana vizuri bado unajikuta unakula chakula kingi kwa mara moja, huwezi kuacha hata tumbo likiuma, na inakutokea kila wiki kwa miezi mitatu au zaidi, hilo si suala la tabia mbaya. Ni ugonjwa unaotambuliwa na kutibiwa. Na ukiona kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara pamoja na njaa hiyo, usingoje hata wiki moja, kapime sukari kwenye damu. Ukifika kwa daktari, mweleze unachokula mchana, na cha usiku pia usikifiche.

Shangazi