Mtoto wa mama Mkenya ni raia

Dada yangu wa Mkomani, Lamu, umeuliza kama mwanao, aliyezaliwa Aden mwaka 2007 kwa baba Myemeni, ni Mkenya, maana karani wa vitambulisho amekwambia "mtoto hufuata baba". Ni Mkenya, dada. Tena ni raia wa kuzaliwa, si wa kuomba.

Hiyo kauli ya karani ilikuwa na nguvu kwa waliozaliwa nje chini ya katiba ya zamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, yasema yeyote ambaye mama au baba yake ni raia siku anapozaliwa ni raia, awe amezaliwa Kenya au la. Na imewaingiza hata waliozaliwa kabla yake, kama mwanao.

Kumwombea kitambulisho, tafuta cheti chake cha kuzaliwa, kitafsiriwe kutoka Kiarabu. Jina lako humo lifanane na la kitambulisho chako herufi kwa herufi; Fatma na Fatuma huwakwamisha wengi hapa kwetu. Maafisa wakikataa kumwandikisha, omba sababu kwa maandishi. Ni haki yako chini ya kifungu cha 47 cha Katiba hiyo, na kwa barua hiyo waweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Uraia wa Yemen usikutishe: kifungu cha 16 chamruhusu kuwa na wote wawili.

Usimwache akae hivi hivi. Kijana asiye na kitambulisho hapati laini ya simu kwa jina lake, hapigi kura, na akivuka kutoka kisiwani hadi Mokowe, bara, kila kizuizi cha barabarani kwake ni hofu. Inaniuma sana kuona watoto wetu wakiishi kama wageni kwao.